Saa ya Mita Elfu

Siku ile tulikuwa watu saba mtumbwini, na kuku wa nane. Alikuwepo Kibwana, mwenye mtumbwi, kasimama nyuma na pondo lake la kusukumia. Alikuwepo Shabani, mnunuzi wa kaa kutoka Kibiti, kakunja suruali mpaka magotini na viatu vyake kavikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwepo Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, ambaye alimwachia jirani karai likiwa motoni kwa sababu, alisema, vitumbua vitakuwepo na kesho, lakini jambo hili halitarudiwa. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Selemani na Hadija. Nilikuwepo mimi. Kuku alikuwa wa Shabani. Kamnunua asubuhi hiyohiyo, kamfunga miguu, na hakutaka kumwacha dikoni, pale mitumbwi inapofungwa, na watu asiowaamini.

Na mbele kabisa, uso umeelekea kule tuendako, alikaa Mshika Saa, mkono wa kushoto kaufunika kwa mkono wa kulia.

Tulikuwa tunakwenda kuizamisha saa yake tuone kama itakufa. Ikifa, kazi yake imekwisha. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na yeye mwenyewe alikuwa ameyakubali, maana alikuwa mtu ambaye mdomo wake hufika mahali kabla yake.

Niseme kwanza kazi yenyewe. Diko letu liko ndani ya delta, huku ambako mto Rufiji unachoka kuwa mmoja na kuanza kuwa mingi. Tunaishi kwa kaa. Maji yakipwa tunaingia kwenye mikoko na vyuma vyetu vilivyopindwa nchani, tunachokoa mashimo kwenye tope, tunatoka na kaa. Shida ni maji yanaporudi. Hayaji kwa mbele kama mgeni anayepiga hodi. Yanapita vijito vya nyuma, yanakuzunguka, na wewe uliyeinama shimoni unashtuka umeshafungiwa njia. Kwa hiyo dikoni petu imetundikwa rimu ya lori, na mtu mmoja kazi yake ni kuigonga kabla maji hayajageuka. Ukiisikia, unaacha hata kaa uliyemshika mguu, unatoka. Kwa kazi hiyo kila mwokotaji humpa kaa mmoja kila maji. Tunamwita kaa wa saa.

Sitasimulia Mshika Saa alizaliwa wapi na ukoo wake upi. Kwanza sikuwahi kumuuliza, na pili angenijibu. Majibu yake ndiyo yaliyokuwa tatizo. Ile saa, kwa mfano, nilimsikia akieleza alivyoipata kwa njia tatu. Kwa wanaume alisema kaibadilisha kwa baiskeli na fundi wa meli. Kwa Bi Mwanaidi alisema kaachiwa na mjomba aliyempenda kuliko watoto wake wa kuwazaa. Mimi na wadogo zangu, tulipokuwa bado tunalia usiku, alituambia saa ile ilitoka yenyewe kwa kaa mkubwa aliyekuwa ameivaa guuni na akachoka kuibeba. Hadija aliamini hiyo ya tatu mpaka alipokuwa msichana mkubwa, na nadhani hata leo ukimbana sana haikatai moja kwa moja.

Ilikuwa saa nzito, ya chuma, yenye pete ya nje inayozunguka ikilia ta-ta-ta. Usoni pake kulikuwa na maandishi madogo meupe: mita elfu. Maana yake ni kwamba ukishuka nayo chini ya maji mpaka mita elfu moja, maji hayaingii. Watu wa mbali hawataona ajabu ya maandishi hayo mpaka nieleze mahali petu. Kutoka dikoni mpaka msikitini ni njia ambayo Bi Mwanaidi huipumzikia mara mbili. Hiyo ni kama mita elfu. Sasa ichukue njia hiyo yote, isimamishe, iwe inakwenda chini badala ya mbele. Hakuna maji ya namna hiyo kwetu. Maji yetu mengi, mtu mrefu akizama bado unaiona kofia yake.

Lakini kwake yeye mita elfu ilikuwa kama cheo. Akijibizana na mtu juu ya jambo lolote, bei ya mchele wa Mohoro, au kama mvua itanyesha, au nani alianza kugombana na nani, mwisho hunyoosha mkono na kusema, "Mimi unayezungumza naye, saa yangu ni ya mita elfu." Na mwenzake hukosa la kusema, kwa sababu kweli, unajibu nini hapo?

Sasa sikilizeni ajabu yake. Saa hiyo haikuwahi kuguswa na maji. Akitawadha aliivua akaitundika msumarini nje ya msikiti, kisha akaitazama mpaka amalize miguu. Akinawa kula, aliivua. Mvua ikinyesha alitoa mfuko wa nailoni mfukoni, akauvalisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaufunga kwa mpira, akaenda kugonga rimu mkono mmoja ukiwa kama mkate wa dukani.

"Saa ya mita elfu inaogopa manyunyu!" Kibwana alimpigia kelele siku moja.

"Haiogopi," alisema. "Naitunzia nguvu."

"Nguvu za nini?"

"Mita elfu ni akiba, bwana. Mwenye akiba haanzi kwa kuila."

Wengine walicheka. Mimi neno hilo lilinikaa. Wazazi wetu waliondoka mmoja baada ya mwingine, maji hayajabadilika mara nyingi kati yao, nami nikaacha shule darasa la sita nikawalea wadogo, diko zima likaniita Dada Mkubwa. Mtu wa namna yangu anajua habari ya akiba. Kuna unga ambao upo chini ya debe na haupikwi. Si kwamba hauna kazi. Kazi yake ni kukufanya ulale.

Yeye ndiye aliyenifundisha saa. Shuleni nilikuwa nimejifunza kuisoma, lakini kuisoma saa na kuyasoma maji ni vitu viwili. Alinikalisha chini ya rimu siku nyingi.

"Maji hayana saa, mwanangu," alisema, "ila yana adabu. Kila siku yanachelewa kidogo, karibu saa nzima, kama mgeni anayeona haya kuja tena muda uleule wa chakula. Leo yakigeuka saa nne, kesho utayangoja kwenye saa tano. Ukishajua hivyo, huna haja ya kuyakimbia. Unayapisha tu."

Kisha alinionyesha ile pete. Maji yakianza kupwa aliizungusha mpaka kidoto chake kikae pale ambapo mshale mfupi utafika muda wa kugonga. Baada ya hapo hakuhesabu tena. Alitazama tu mshale ukikikaribia kidoto kama paka na panya. Mimi nadhani waliotengeneza saa ile waliiweka hiyo pete kwa ajili ya mambo yao ya kuzamia, na wakaona fahari yao ni mita elfu. Kwetu mita elfu haikuwahi kumtoa mtu mikokoni. Ile pete iliwatoa watu wengi, na mdogo wangu Selemani, ambaye ni mzito wa kusikia anapoona kaa mkubwa, ilimtoa zaidi ya wote.

Nilipomaliza kujifunza nilimpelekea kaa dume mkubwa, magando kama mikasi ya fundi cherehani. Akamrudisha.

"Kaa wa saa nimeshakula. Wa masomo simli."

"Basi nikulipe nini, Mzee?"

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akainama kana kwamba anataka kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

"Nifundishe kuogelea," alisema.

Nilicheka mpaka nilipoona yeye hacheki. Hapo nikakumbuka siku kandambili yake ilipodondoka kutoka dikoni, ikaanza kuelea polepole kwenye maji yasiyofika magoti, na yeye akasimama akaitazama inakwenda zake. Nilipoirukia na kuirudisha alikunja uso. "Ungeiacha," alisema. "Nilikuwa naipa nafasi ijirudi." Sasa nikaelewa. Alikuwa mtu wa vilimani huko kusini, aliletwa kwetu na ndoa, na kuogelea kwetu ni jambo ambalo mtoto hulijua kabla ya kukaa vizuri. Ukifika mtu mzima hujui, humwambii mtu. Unatafuta saa.

"Nitakufundisha," nilimwambia. "Maji mafu yakifika tu."

Lakini maji mafu yalipofika, maana hayo ndiyo maji yaliyotulia, yeye alikuwa na jino. Yaliyofuata alikuwa na mgeni. Mara aliota ndoto mbaya. Mara nikamwambia basi twende huko mtoni Mohoro nilikokuwa na shughuli, maji yake hayana chumvi. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mamba akiuliza mtu yuko darasa la ngapi. Deni langu likakaa.

Ndipo akaja Shabani na simu yake.

Shabani si mtu mbaya. Ananunua kaa kwa haki, na akikutania hakutanii ili uumie. Ila ni kijana wa barabarani, wa Kibiti mjini, na kila kitu anachokiona anauliza kina faida gani. Alikaa dikoni akingoja mzigo, akaona kila mtu akitoka mikokoni anaweka kaa mmoja kwenye kapu la Mshika Saa.

"Kwani nyinyi hamna simu?" aliuliza. "Simu ina saa. Ina mpaka kengele."

"Simu tuingie nayo topeni?" Bi Mwanaidi alimjibu. "Tukitoka tuikaange?"

"Basi iachwe hapa dikoni, mtoto yeyote aitazame agonge. Kaa wote hawa wa nini? Mzee, hebu nikuulize bila ubaya. Hiyo saa yako ya mita elfu, umeshaipeleka hata mita moja?"

"Haijatokea haja."

"Sasa mita elfu za nini?"

"Akiba."

"Akiba! Mimi nikinunua lori la tani kumi nije kubebea kapu moja la kaa, si mtanicheka?"

"Tutakucheka mpaka siku ya mzigo."

"Hapo kakupata," alisema Bi Mwanaidi.

"Hajanipata. Lori linaweza kupata mzigo. Yeye ataipata wapi mita elfu? Na akiipata, saa itafika nzima, Mzee. Wewe je?"

"Mimi sitafika," alisema Mshika Saa bila kupepesa. "Ila atakayeniokota atajua nilichelewa saa ngapi."

Diko zima lilicheka, na Shabani alicheka kuliko wote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu akishindwa kwa kicheko hutafuta kushinda kwa jambo lingine.

"Haya," alisema. "Tuizamishe. Ikitoka inatembea, kula kaa wako maisha, na mimi nitaongeza mmoja wa kwangu kila nikija. Ikitoka imekufa, rimu iwe ya simu."

Nilimtazama Mshika Saa nikimwomba kwa macho akatae. Aliinua kidevu. "Mimi unayezungumza naye," alianza, na nikajua tumekwisha.

Kibwana alisema kuna kilindi pale vijito viwili vinapokutana, ambacho wazee walisema hakina mwisho. Twende huko. Tukapanda. Maji yalikuwa yanapwa, tena maji ya bamvua, yale yanayokwenda mbali na kwa haraka. Kila mmoja wetu aliyaona. Mkumbuke hilo.

Njiani Mshika Saa aliniinamia sikioni. Nilifikiri ataniambia habari ya kuogelea.

"Kifuniko cha nyuma," alinong'ona. "Fundi wa Kibiti aliponibadilishia betri, ule mpira wa ndani ulikatika. Kakibana kwa gundi."

"Gundi gani?"

"Ya viatu."

"Kwa hiyo mita elfu..."

"Yamebaki maandishi, mwanangu."

Nikaelewa mfuko wa nailoni. Nikaelewa msumari wa msikitini. Mtu yule kwa miaka alikuwa amebeba mkononi fahari ambayo ndoo moja ya maji ingeiua, na hakumwambia mtu ila mimi, siku hiyo, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukimbilia ndani ya mtumbwi.

Tulipofika kilindini Kibwana alishikilia pondo. Hata kuku alinyoosha shingo.

"Haya Mzee," alisema Shabani. "Ingia."

"Mimi?"

"Saa ya mzamiaji si inazamishwa na mwenyewe?"

Mshika Saa akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Nikasimama. "Nitaingia mimi," nikasema. "Mzee ana kikohozi."

"Kikohozi cha lini?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Cha leo."

Mshika Saa alikohoa. Kilikuwa kikohozi kibaya sana, si kwa ugonjwa, kwa uigizaji. Akavua saa, akaibusu kioo haraka kama mtu anayejifuta mdomo, akanivalisha. Ilikuwa ya moto kwa jasho lake.

Nikazama.

Maji yetu ni kama chai ya maziwa. Ukitia mkono mpaka kwenye kiwiko, vidole huvioni. Nilishuka nikisukuma kwa miguu, masikio yakaanza kuuma, nikashuka tena, na kile kilindi kisicho na mwisho kikaisha. Miguu yangu iligusa tope. Ukiondoa hofu ya wazee, kina chake kilikuwa kama minazi miwili mifupi. Nikaleta saa usoni mpaka ikagusa pua. Sikuona mshale, sikuona pete, sikuona mita elfu. Zile nukta alizotuambia zinawaka gizani zilikuwa zimezimika labda kabla sijazaliwa. Nikawaza, pale chini, pumzi ikiwa inaniishia: mtu atengeneze saa ya kufika ambako hawezi kuisoma, ili iweje? Kisha nikawaza ile gundi, nikachota tope mkononi kuwa ushahidi, nikapanda juu kwa nguvu zote.

Kibwana alikuwa ameusogeza mtumbwi kwenye fungu la mchanga kando ya kilindi ili nipate kupanda. Nikapanda. Vichwa vyote vikaja mkononi mwangu.

Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea. Lakini ndani ya kioo kulikuwa na ukungu mdogo, kama pumzi ya mtoto.

"Imeingia maji!" alisema Shabani.

"Inatembea!" alisema Selemani.

"Imelia tu," alisema Bi Mwanaidi. "Kulia si kufa. Mimi nimelia mara ngapi?"

"Makubaliano ni maji."

"Makubaliano ni kufa! Ulisema ikitoka imekufa. Hadija, hakusema?"

"Alisema imekufa," alisema Hadija.

"Subirini basi tuone kama itakufa," alisema Shabani, akaiweka sikioni. Tukasubiri. Kila mmoja aliiweka sikioni kwa zamu yake. Kibwana akasema inasikika kama inakohoa. Bi Mwanaidi akauliza kama ni kikohozi cha leo. Tukabishana kama ukungu ni maji au ni mvuke, na kama mvuke unahesabiwa, na kama utahesabiwa, kwa mita ngapi. Mshika Saa alikaa na mkono wake mtupu magotini, akitazama wanaopitishana maisha yake sikioni.

Mtumbwi ukalala upande. Kuku akabingirika.

"Jamani," alisema Kibwana, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Tumekaa."

Tulitazama nje. Maji yalikuwa yamekwenda. Mbele yetu tope, nyuma yetu tope, na kilindi kando yetu kimejikunja kama nguo iliyovuliwa. Watu saba wa maji, waliozaliwa na kulelewa na maji, au walioyazoea vya kutosha, tumekaa juu ya fungu la mchanga kama viti.

"Nani alikuwa anatazama maji?" aliuliza Kibwana.

Kila mmoja alikuwa ameyaona yakipwa, na kila mmoja alijua yuko mtu anayeyahesabu. Wote tukageuka kumtazama mtu huyo. Yeye akautazama mkono wake mtupu, halafu akaitazama saa, ambayo wakati huo ilikuwa sikioni mwa Shabani.

"Saa yangu ilikuwa kazini," alisema.

Bi Mwanaidi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi. Shabani alicheka mwisho, na alipomaliza alimrudishia saa kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha msahafu.

"Sikia Mzee," alisema. "Saa yako sijui imeshinda au imeshindwa. Lakini siku moja tu umeacha kutazama, na tumekwama wote na kuku wangu. Kula kaa wako."

Ingekuwa vizuri simulizi iishie hapo, lakini ilibidi turudi. Kungoja maji kungetuchukua mpaka jioni, na mzigo wa Shabani ulikuwa dikoni kwenye jua. Tukakubaliana kutembea. Kibwana alibaki na mtumbwi wake na kuku. Tope lilitufika magotini. Hadija, ambaye hawezi kupita shimo bila kulisalimu, alichokoa kaa wawili njiani. Kisha tukafika kijito cha mwisho, ambacho hata maji yakipwa vipi hubaki na maji ya kifuani. Wote wakaingia na kuvuka. Mshika Saa akasimama ukingoni.

Nilimrudia nikamshika mkono. Akapaza sauti ili ng'ambo wasikie:

"Nyinyi tangulieni! Huyu Dada Mkubwa ni yatima, siwezi kumwacha avuke peke yake!"

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Nishike, nisije nikapotea."

Tukavuka. Macho kayafumba, mkono wa saa juu kabisa hewani, na vidole vyake vya mkono mwingine vilikuwa vimeingia kwenye kiganja changu kwa nguvu ambayo alama zake nilizikuta jioni. Tulipofika ng'ambo alijikung'uta akasema nimefanya vizuri, sikuogopa.

Baadaye Bi Mwanaidi aliniambia, akigeuza vitumbua, "Mwanangu, wewe unadhani sisi hatujui? Tangu siku aliyooa tunajua. Marehemu mkewe ndiye aliyetukataza kusema." Akaongeza mafuta. "Mtu anavuka kijito kafumba macho, anamficha nani?"

Sikumwambia Mshika Saa kwamba inajulikana. Aliishi na siri ile kama alivyoishi na mita elfu, na sikuona kwa nini nimwage vyote viwili. Ukungu wa kwenye kioo ulikauka baada ya kuilaza saa kwenye mchele wa Bi Mwanaidi. Mshale uliendelea. Shabani aliweka kaa mmoja kapuni kila alipokuja, na kila mara alisema, "Kaa wa bima," na kila mara Mshika Saa alimpokea kama mtu anayepokea ushuru.

Miguu yake ilipoanza kukataa, binti yake alimchukua akakae naye Kibiti, nyumba iliyo karibu na barabara kuu, ambako maji yote hutoka bombani na hayapwi wala hayajai. Nilikwenda kumwona nikamkuta kaketi barazani, kaitega ile pete kwa saa za mabasi ya kusini. Aliniambia basi la asubuhi halina adabu kama maji. Linachelewa bila mpango. Rimu aliniachia mimi. Saa hakuniachia, wala sikuomba. Ninagonga kwa simu niliyoivalisha nailoni, na watu wa dikoni wananiuliza kama simu yangu ni ya mita ngapi.

Idi ya kuchinja iliyopita aliomba aletwe. Alishuka kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha Shabani, akiwa kavaa kanzu, mwembamba kuliko nilivyomwacha, ila kidevu kilekile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa deni langu."

"Deni gani tena sikukuu hii?"

"Usijifanye. Leo ni maji mafu, nimehesabu tangu Kibiti."

Kweli yalikuwa maji mafu, yametulia kama uji uliopoa. Alivua kanzu akabaki na kikoi. Watu wa dikoni, ambao kwa kawaida hawana kitu wasichokitolea macho, ghafla wote wakapata shughuli za kufanya upande wa pili. Bi Mwanaidi aligeuza kabisa kigoda chake akayapa maji mgongo.

Tuliingia. Maji yakamfika magotini, akasoma kitu midomoni. Yakamfika kiunoni, akanishika. Yakamfika kifuani, akasimama. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, umenyooka, saa ikimeta juani.

"Shusha mkono, Mzee. Mtu haogelei kwa mkono mmoja."

"Saa italowa."

"Si ya mita elfu?"

Aliinua macho akaitazama.

"Saa haina wasiwasi, mwanangu," alisema. "Mwenye wasiwasi ni mimi. Ule mkono ndio sehemu yangu pekee iliyobaki nchi kavu. Niache niushikilie."

Sikumlazimisha. Tulisimama hivyo, yeye kashika mbingu kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine, na nikamwonyesha jinsi ya kupiga miguu, akapiga mara chache, nusu maji, nusu tope, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu asiye na cheo chochote. Kisha mkono wa juu ukachoka. Akaitazama saa, akatazama maji.

"Yanageuka," alisema. "Nenda kagonge. Kuna watu mikokoni."

Nikamtoa polepole, nikamkalisha, nikamrudishia kanzu yake.

"Kwa hiyo nimelipa, Mzee?"

Alijipima kwa kiganja kuanzia chini, kikakomea pale alama ya maji ilipoishia kwenye ngozi yake.

"Umelipa mpaka hapa," alisema, kiganja kifuani. "Shingo na kichwa bado."

Nikaenda kugonga rimu.